Mafunzo Aliyokwenda Mtunza Stoo

Esnath Nyagawa alipata habari za mafunzo kutoka kwa rafiki yake aliyekuwa ndani ya boti, katikati ya Ziwa Nyasa. Rafiki huyo, Hosiana, alisoma naye chuo cha uuguzi, kisha akapangiwa zahanati ya Lupingu, mahali ambapo ukitaka mtandao wa simu lazima ujue pa kusimama. Siku hiyo alikuwa akielekea Manda, apate gari la kumpitisha Mlangali mpaka Njombe mjini. Alipiga simu akipaza sauti kuushinda mngurumo wa injini.

“Nimekubebea dagaa,” alisema. “Tutaonana Jumatatu darasani, si ndiyo?”

Esnath akamuuliza darasa gani.

Hosiana akaeleza. Kulikuwa na mafunzo ya wiki nzima Njombe, ya namna ya kuwasaidia kupumua watoto wachanga na watoto njiti, pamoja na matumizi ya ile mashine ndogo ya kusukuma hewa mapafuni. Kila kituo chenye mashine kilitakiwa kupeleka muuguzi anayehudumia watoto. Tangazo lilitoka zamani. Mganga mfawidhi wa Hosiana alilisoma mbele ya wote kwenye kikao cha asubuhi, akamwambia ajiandae, basi.

Simu ilipokatika, Esnath alibaki amesimama kwenye korido ya wodi ya watoto na chupa ya maji ya uvuguvugu mkononi. Kituo chake cha afya kilikuwa Makambako, mji ambao barabara kuu zinakutana na malori hayaishi kupita. Habari ilikuwa imeteremka milima yote mpaka ufukweni Lupingu, lakini kwao ilikuwa haijafika. Alijua kwamba si kweli kuwa haikufika. Ilifika, ikakaliwa.

Na mashine walikuwa nayo. Ililetwa mwanzoni mwa mwaka, wageni wakapiga nayo picha, mganga mfawidhi akashukuru kwa niaba ya watumishi wote. Wageni walipoondoka ilirudishwa kwenye boksi lake, ikawekwa ofisini kwa mfawidhi ili isipate vumbi. Mafunzo ya kwanza ya kuitumia alikwenda mhasibu. Aliporudi alisema yalikuwa mazuri sana, ila hakuweza kueleza yalihusu nini. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, mtoto wa mama mmoja mkulima wa viazi alifia mikononi mwa Esnath, kifua kikiingia ndani kila alipovuta hewa, na ile mashine ikiwa hatua chache kutoka hapo, imefungwa kwa utepe wa gundi. Esnath alimsaidia yule mama kumfunga mtoto kwenye kitenge. Mama hakuuliza kitu. Hakujua kwamba kulikuwa na cha kuuliza.

Ndiyo maana Esnath hakungoja kikao. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mfawidhi, Daktari Edward, akabisha hodi.

Daktari Edward hakuwa mtu wa kufoka. Alimkaribisha kiti, akamuuliza habari za wodi, akamuuliza mama yake anaendeleaje na miguu. Esnath alijibu yote kwa adabu, kisha akauliza kuhusu mafunzo ya Njombe.

“Majina yalishakwenda,” alisema Daktari Edward. “Anakwenda Remmy.”

Remmy alikuwa mtunza stoo.

“Dokta, Remmy anatunza stoo.”

“Ni mtumishi wa kituo kama wewe. Hajapata nafasi mwaka huu, na tunajitahidi kugawana.” Aliweka kikombe chake mezani. “Halafu, dada Esnath, wewe ndiye nguzo ya ile wodi. Ukienda wewe, nani atabaki na watoto?”

Esnath alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa akitania.

“Kwa hiyo,” alisema polepole, “kwa sababu nahudumia watoto, siwezi kufundishwa kuhudumia watoto.”

Daktari Edward alitabasamu, akasema asilichukulie hivyo, Remmy akirudi atawafundisha wote. Alisema hata yeye mwenyewe kuna mafunzo mengi ameyakosa. Kisha akavuta faili, na Esnath akajua mazungumzo yamekwisha.

Alirudi wodini. Fidelia, muuguzi mdogo aliyekuwa naye zamu, alimuuliza kuna nini. Esnath akamweleza, na Fidelia akaguna tu. Mtu asiyezoea angedhani hakujali. Lakini mafunzo pale kituoni yalikuwa yakigawiwa kama nyama ya sikukuu, kila mtu na kipande chake, na aliyepata hakuulizwa amekula na nani. Walishazoea. Hilo ndilo lililomuumiza Esnath zaidi ya lile jibu la mfawidhi, kwamba walishazoea.

Jumatatu asubuhi gari la wagonjwa la kituo lilimchukua Remmy, likawapitia na maofisa wawili wa ofisi nyingine, likaenda nao Njombe. Halikurudi.

Katikati ya wiki, asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka mjini, Salha alijifungua kabla ya wakati. Salha alikuwa na kibanda cha vitenge sokoni. Yeye na mumewe Bashiru walikuwa watu wa Kondoa. Walihamia Makambako kufuata biashara, Bashiru akiendesha Fuso la mbao na viazi. Walikuwa wamengoja mtoto miaka mingi. Mimba mbili zilishaharibika, na hii ya tatu Salha alikuwa ameitunza kama mtu anayebeba maji kwenye bakuli lililojaa.

Mtoto wa kiume alilia, sauti nyembamba, wakafurahi wote. Lakini muda si muda akaanza kukoroma kila alipotoa pumzi. Pua zikapanuka. Ngozi katikati ya mbavu ikaanza kuzama. Esnath alikufahamu kuzama kule. Alimwekea oksijeni kwa mpira mdogo wa puani, na daktari wa zamu, kijana aliyehitimu karibuni, akaja kumwona, akasema bila kuzunguka kwamba oksijeni ile peke yake haitatosha. Mapafu yalikuwa machanga, yalikuwa yanajifunga, yalihitaji kusukumwa hewa ili yabaki wazi. Ndiyo kazi ya ile mashine.

“Unaweza kuiwasha?” Esnath alimuuliza.

“Sijawahi kuiona nje ya boksi,” alisema yule kijana, na macho yake yakaonyesha aibu ambayo haikuwa yake.

Wakaamua kumpa rufaa kwenda Njombe. Esnath akampigia dereva wa gari la wagonjwa. Dereva alimwamkia vizuri, akamsikiliza, akasema ameagizwa asiondoke pale kwenye mafunzo, jioni kuna watu wa kurudishwa walikofikia. Alisema aongee na mkubwa. Esnath akampigia mkubwa. Daktari Edward alikuwa kwenye kikao nje ya mji. Alimwambia asubiri, atalishughulikia, na kwa vyovyote vile asiondoke kituoni.

Akampigia Remmy, ambaye kwa wakati ule, ukimwacha mhasibu, alitakiwa kuwa mtu pekee wa kituo chao anayejua mashine ile inafungwaje. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga tena.

Akampigia Hosiana. Hosiana alitoka darasani, akasema Remmy alisaini mahudhurio asubuhi na baada ya chai hakuonekana, na jana ilikuwa hivyo hivyo. Aliposikia sauti ya Esnath ilivyo, hakungoja maelezo zaidi. Alirudi ndani akampa simu mkufunzi, daktari bingwa wa watoto aliyeitwa Safina.

Daktari Safina aliuliza maswali mafupi. Mtoto ana rangi gani, anapumuaje, ana joto kiasi gani. Akasema wamlaze kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wamvike kofia, oksijeni isikatike, waje naye bila kuchelewa kwenye hospitali ya Njombe, palepale mafunzo yalipokuwa yakifanyika.

“Hapo kwenu mashine hamna?” aliuliza.

“Tunayo, dokta,” alisema Esnath. “Ipo kwenye boksi.”

Daktari Safina akasema, “Njooni. Nitakuwa mlangoni.”

Bashiru alikuwa nje, amesimama kwenye baridi na kanzu nyembamba na koti juu yake. Esnath alimweleza wazi, hakumficha kitu. Bashiru aliuliza swali moja tu, kama Fuso litafaa. Lilikuwa limejaa mbao, na wapakuaji wa sokoni walikuja wakazishusha palepale getini, zikamwagika kando ya barabara bila mtu wa kuzilinda. Esnath alimwachia Fidelia wodi pamoja na yule daktari kijana. Alimwambia Fidelia kwamba akiulizwa aseme ukweli, kwamba Esnath ameondoka na amejua anafanya nini.

Wakapanda. Bashiru kwenye usukani, Salha katikati na mtoto ndani ya nguo zake, Esnath mlangoni na mtungi wa oksijeni kati ya miguu, ameushikilia usigonge. Salha hakulia. Alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, midomo kwenye kofia ya mtoto, na kila gari lilipotikisika alinyamaza, akasikiliza, kisha akaendelea.

Walipopita Mtwango alinyamaza asiendelee. “Nesi,” alisema. “Hapumui.”

Bashiru akasimamisha gari pembeni. Esnath alimtoa mtoto, akamlaza juu ya mapaja ya mama yake, akamsugua mgongo kwa nguvu, hakuona kitu. Akamwekea usoni barakoa ndogo aliyoibeba kutoka wodini, akaanza kubana mfuko wa hewa, taratibu, kama alivyofundishwa chuoni kwa mwanasesere wa plastiki. Ukungu ulikuwa umeziba vioo. Malori yalipita karibu kiasi cha kuitikisa kabini. Bashiru alikuwa ameinamisha paji la uso kwenye usukani. Esnath aliendelea kubana, na kitu alichokiwaza, alikuja kusimulia baadaye, hakikuwa dua wala mtoto mwenyewe. Aliwaza lile gari la wagonjwa lenye kitanda, na mtungi wa kufungwa ukutani, na king’ora, limeegeshwa mahali likiwasubiri watu wazima wenye afya zao.

Mtoto alijikunyata, akakohoa kidogo. Akalia, sauti yake nyembamba ileile.

“Endesha, shemeji,” alisema Esnath. “Usisimame tena.”

Daktari Safina alikuwa mlangoni kama alivyosema. Walimpokea mtoto mikononi mwa Salha, wakaingia naye wodini, na Esnath akafuata maana hakuna aliyemzuia. Kule ndani muuguzi mmoja wa rika lake alichukua mashine iliyofanana kabisa na ile ya Makambako. Alipachika mipira miwili midogo puani, akaifunga kwenye kofia, akatumbukiza ncha ya mpira mwingine kwenye chupa ya maji, akafungua hewa. Maji yakaanza kutoa mapovu. Alifanya yote hayo kwa muda ambao Esnath angetumia kutandika kitanda.

Polepole kule kukoroma kukapungua. Mbavu zikaacha kuzama. Salha alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso kwa ncha ya mtandio.

Esnath aliyaangalia yale mapovu, ndipo machozi yakamtoka. Yule muuguzi akamwambia pole, mtoto atakaa sawa. Hakuelewa. Esnath alikuwa akimlilia mtoto wa mkulima wa viazi. Miezi yote hiyo alikuwa akifikiri labda mashine ni ngumu, labda inahitaji watu wenye akili nyingi kuliko zake, labda ndiyo maana wanaificha. Kumbe ilikuwa ni mipira na chupa ya maji na mtu wa kukuonyesha.

Alitoka nje kuvuta hewa, na kitu cha kwanza alichokiona ni gari la wagonjwa la kituo chao, limeegeshwa kivulini nje ya ukumbi wa mafunzo, dereva amelala, miguu nje ya dirisha. Akalipita, akaingia ukumbini.

Walikuwa wamemaliza chakula, wamekaa wakimngoja mkufunzi. Esnath alikuwa bado na sare yenye matapishi ya mtoto begani. Hosiana alisimama kumfuata, akamwona uso, akakaa tena. Wakati huohuo Remmy aliingia kwa mlango wa pembeni, viatu vimejaa tope jekundu. Alikuwa ametoka kuangalia miche yake ya parachichi, shamba alilokuwa amelinunua upande ule.

“Remmy,” alisema Esnath, “nimekupigia simu.”

Remmy alitazama simu yake, kisha akamtazama yeye.

“Mtoto aliacha kupumua barabarani. Nilikupigia ili uniambie mashine inafungwaje. Hukupokea, lakini hata ungepokea usingekuwa na la kuniambia.” Hakupaza sauti. “Nafasi hii haikuwa yako wala yangu. Ilikuwa ya watoto. Mmewala watoto.”

Remmy alikuwa mtu mzima mwenye watu wanaomheshimu. Alisimama pale, tope likidondoka sakafuni, akasema kwa sauti ndogo, “Mimi niliagizwa, dada. Sikuomba. Haya mambo wanayosema humu mimi hata siyaelewi, nikikaa naona aibu.”

Ilikuwa kweli, na Esnath alijua kuwa ni kweli. Hasira yake haikupungua, ila ilimpita Remmy ikaenda mbele zaidi.

Daktari Safina alikuwa amefika mlangoni na kusikia. Hakutoa hotuba. Alivuta kiti, akakiweka mbele kabisa, akamwambia Esnath akae. Halafu akamgeukia Remmy, akamwambia yeye anaweza kurudi nyumbani, na arudi na lile gari.

Jioni Daktari Edward alipiga simu. Alisema Esnath ametoroka kituo cha kazi, amechukua mali ya serikali na kuipakia kwenye lori la mbao, na arudi kesho asubuhi. Esnath alimjibu kwamba atarudi mafunzo yakiisha. Kisha akampigia Fidelia, maana hilo ndilo lililomnyima raha, Fidelia kubaki na wodi peke yake. Fidelia alimwambia akae, ajifunze vizuri, aje awafundishe. Alikaa. Alilala na Hosiana kitanda kimoja, wakala ugali kwa wale dagaa wa Lupingu, na kila asubuhi kabla ya darasa alipita wodini kumwona mtoto wa Salha, ambaye sasa aliitwa Rehani.

Aliporudi Makambako alikuta ameitwa kujieleza. Kikao kilikaa wiki mbili baadaye, Rehani akiwa ameshatoka hospitali, ofisini kwa mfawidhi, pamoja na ofisa mmoja wa halmashauri. Walimsomea makosa yake. Kuondoka bila ruhusa, kukaidi agizo, kumdhalilisha mtumishi mwenzake hadharani. Esnath alikuwa akijibu la kwanza mlango ulipofunguliwa, wakaingia Salha na Bashiru, mtoto kifuani. Ofisa akawaambia kwa upole kwamba kile ni kikao cha ndani cha watumishi.

“Sawa, mzee,” alisema Salha. Hakutoka. “Mimi nina swali moja, nikishajibiwa naondoka. Ile mashine iko wapi?”

Hapakuwa na haja ya kumjibu, kwa sababu boksi lilikuwa palepale, kwenye kona nyuma ya kiti cha Daktari Edward, na juu yake palikuwa na birika la chai na vikombe.

Salha alilitazama kwa muda. Mumewe alimshika mkono, naye akauchomoa.

“Mwanangu alizaliwa ukuta wa pili kutoka hapa,” alisema. “Mimi nauza vitenge. Mteja akiniambia anataka kitenge, nikakikalia, nikamwambia hakuna, akaondoka, watu wa sokoni watasema nina wazimu. Nyinyi mmekalia pumzi ya watoto na mnamhoji huyu.”

Daktari Edward alisema mama ana uchungu na wanamwelewa. Salha akasema hapana, hana uchungu, mtoto wake yupo. Wenye uchungu hawakujua waje kuuliza. Kisha akamfunika mtoto vizuri na kutoka, na Bashiru akafuata, akimtolea ofisa salamu ya kuaga kana kwamba hakuna lililotokea.

Mambo hayakuisha kama watu walivyotaka. Daktari Edward hakuondolewa. Aliitwa akazungumza na wakubwa wake, akarudi, anaendelea. Esnath alipewa onyo, likaingia kwenye faili lake, na wakati wa kupandishwa daraja ulipofika wenzake walipanda yeye akabaki. Lakini wiki ileile birika lilitolewa juu ya boksi. Yeye na Fidelia waliifungua mashine wodini, mchana kweupe, wakiwaita watumishi wote, hata mhasibu. Baada ya muda Daktari Safina mwenyewe akaja kutoka Njombe, akafundisha kando ya vitanda, zamu kwa zamu, ili asiwepo mtu wa kuambiwa tena kwamba akienda kusoma watoto watabaki na nani. Baridi ile watoto kadhaa walilala chini ya mapovu yale. Mmoja wao hakupona, maana mashine nayo si Mungu. Wengine wako nyumbani kwao.

Mwaka uliofuata Daktari Edward alimwita Esnath. Alimkaribisha kiti, akamuuliza miguu ya mama. Alisema lile onyo linaweza kufutwa, ni jambo dogo, aandike tu mistari michache ya kuomba radhi, naye atalipeleka mbele.

“Niombe radhi kwa nani, dokta?” aliuliza Esnath.

“Kwa ofisi.”

Esnath alisimama. Alimwambia kuna mama mmoja analima viazi upande wa milimani, mwezi wa sita wa mwaka jana alimpoteza mtoto katika kituo hiki, na yeye Esnath anamjua kwa jina na anaijua njia ya kwao. Akasema siku ofisi itakapokuwa tayari kwenda kwa yule mama, yeye atatangulia mbele kuonyesha njia, na huko wataomba radhi wote pamoja.

Daktari Edward alishika kalamu, akaiweka chini. Esnath alimwambia asante kwa kumwita, akafunga mlango nyuma yake bila kuubamiza, akarudi wodini, ambako Fidelia alikuwa akimpima joto mtoto aliyeingia asubuhi ile. Onyo bado liko kwenye faili.